"Sawa" ya Busia na mashine inayokisia hisia

Sokoni Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, muuza samaki akiambiwa "sawa, asante", hafungi mzigo papo hapo. Anasikiliza kwanza ilivyotamkwa. "Sawa" iliyokatwa, kavu, maana yake bei imemuudhi mteja na anakwenda kujaribu bahati ng'ambo ya mpaka. Ikivutwa kidogo, mazungumzo bado yapo. Mashine inayosoma maandishi matupu haisikii hayo. Inaona maneno mawili, yote mazuri.

Mashine hizi hazifundishwi kuhisi. Zinafundishwa kukisia watu wangesemaje kuhusu sentensi fulani. Chukua AfriSenti, mkusanyo wa mwaka 2023 wenye jumbe zaidi ya 110,000 za Twitter katika lugha 14 za Afrika. Kazi yenyewe ni kura: wazawa wa lugha, kwa kawaida watatu, wanasoma ujumbe mmoja, kila mtu anaamua ni chanya, hasi au wa katikati. Wengi wape. Wakitofautiana wote watatu, ujumbe unatupwa.

Hapo ndipo ninapokwama. Ujumbe unaogawanya wasomaji ndio, nadhani, wenye kejeli na mafumbo, yaani Kiswahili chenyewe! Tena Kiswahili kiliingia na jumbe 3,000 hivi, Kihausa zaidi ya 22,000.

Mkusanyo wa BRIGHTER wa mwaka 2025 umesogea mbele: sentensi moja yaweza kubeba hisia zaidi ya moja kati ya furaha, huzuni, hasira, hofu, kinyaa na mshangao. Sasa jaribu kuipanga "pole". Mama akimwambia jirani aliyefiwa "pole sana", hiyo ni huruma, na huruma haina kisanduku. Ukiiweka kwenye huzuni, umemwandikia msemaji msiba wa mwenzake. Akiitamka "pole" hiyohiyo kwa dereva aliyemmwagia maji ya dimbwi, ni hasira tupu.

Dawa yaweza kuanzia karibu na soko lilelile: Chuo Kikuu cha Busitema, upande wa Uganda, kilichoanzishwa 2007, kina kitivo cha uhandisi, na soko la mpakani haliko mbali. Wanafunzi wake waende na vinasa sauti, waombe ruhusa, wakusanye hizo "sawa" na "pole" za watu ambao nyumbani huzungumza Kisamia au Kiteso. Wapigakura wawe wauzaji wenyewe. Na zile kauli zitakazowagawanya, tafadhali, msizitupe.