Reli Iliyokatiwa Suswa

Rais Uhuru Kenyatta alipozindua kipande cha 2A cha reli ya kisasa Oktoba 2019, njia iliishia Suswa, kilomita 120 kutoka Nairobi, kwenye nyika isiyo na bandari wala mpaka. Sisi wa Kisumu tuliambiwa tusubiri 2B, ambayo ingepitia Narok, Bomet na Sondu, na Malaba isubiri 2C. Hapo ndipo kosa lilipo. Kila kipande kilitegemea mkopo wake, na 2A ilitangulia kabla fedha za 2B hazijatiwa saini. Mwaka huohuo ujumbe wa Kenya ukarudi kutoka Beijing mikono mitupu. Mpimaji wa reli huanza na mwisho: mzigo unakwenda wapi, na nani ataupokea. Hapa tuta lilivuka mbuga, likapenya handaki la Ngong la kilomita 4.5 (kazi safi, haina ubishi), kisha likakatwa kabla ya kufika Ziwa Victoria, ziwa lililolipa sababu ya kuelekea magharibi. Matokeo yake ni winchi ya kituo cha makontena cha Naivasha: kontena inainuliwa kutoka reli ya milimita 1,435, inawekwa kwenye behewa la reli ya milimita 1,000, halafu inapandishwa milimani kwa njia ya zamani ya kikoloni. Mwenye mzigo wa Kampala akishapigia hesabu muda huo, anatafuta lori.

Waliojenga reli hiyo ya zamani walijua kuchagua mwisho. Mpimaji Macdonald alipopima mwaka 1892 aliielekeza njia Berkeley Bay, kule iliko Port Victoria. Mwaka 1898 upimaji mpya uliiteremsha kwa bonde la Nyando hadi ghuba ya Winam, ukaifupisha njia, na mhandisi mkuu George Whitehouse hakung'ang'ania ramani ya zamani. Reli ilivuka Mau kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,500, ikashuka Londiani, Fort Ternan na Muhoroni, ikagusa maji Kisumu Desemba 1901. Meli iitwayo William Mackinnon ilikuwa imeshaelea hapo tangu 1900. Chombo cha kupokea mzigo kilitangulia reli! Najua nitajibiwa kwamba ile ilikuwa reli ya dola, iliyojengwa kwa jasho la vibarua wa Kihindi na kupitishwa kwenye ardhi ya Wanandi kwa bunduki. Ni kweli, na dola hilo silitetei. Ninachosifu ni upimaji.

Wengine watasema fedha ziliisha, ungefanyaje? Ningeanza na reli ya zamani. Nakuru hadi Kisumu ilikuja kukarabatiwa baadaye, treni ya abiria ikarudi Desemba 2021, kwa sehemu ndogo sana ya takriban shilingi bilioni 150 zilizomezwa na 2A. Kazi hiyo ndiyo iliyostahili kutangulia. Na la umeme nitalirudia hadi lisikike: njia ya 2A iko jirani na Olkaria, kwenye mvuke unaowasha taa za nchi, lakini ikajengwa ya dizeli. Ethiopia ilizindua reli ya umeme ya Addis Ababa hadi Djibouti mwaka 2016, na Tanzania ikafika Dodoma kwa umeme mwaka 2024.

Wabunge wa kanda ya ziwa, msipitishe tena shilingi ya kipande chochote cha reli kabla fedha za kukifikisha bandarini au mpakani hazijatiwa saini.