Wanafunzi Wangu na Mabepari wa Venisi

Niliwahi kufundisha fasihi katika shule moja mjini Musoma. Muhula mmoja niliwapa wanafunzi kazi ya utafiti: kila mmoja aandike juu ya maisha na nyakati za William Shakespeare, mtunzi wa tamthilia wa Uingereza. Niliona ni kazi nyepesi, na kwa kweli nilikuwa sijaifikiri sana.

Insha zilipokuja zilifanana kama mapacha. Shakespeare alibatizwa Stratford tarehe 26 Aprili 1564, akaoa akiwa na miaka 18, akafariki 1616, tamthilia zake 36 zikakusanywa katika kitabu kimoja mwaka 1623. Tarehe zilikuwa sahihi, nami nikatoa alama nzuri. Insha moja tu ilinikera. Kijana mmoja, kwao Bunda, alimaliza kuzaliwa na kufa kwa Shakespeare katika aya moja, kisha akajaza kurasa tatu akiuliza kwa nini tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 iliitwa Mabepari wa Venisi. Alieleza pia jinsi watu wanavyokopa kwao msimu wa pamba, na jinsi mvuvi wa Musoma asiye na nyavu anavyofanya kazi kulipa deni la mwenye nyavu. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Nje ya mada."

Wiki chache baadaye tuliwapeleka wanafunzi Butiama, kwenye makumbusho ya Mwalimu yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki. Tulikwenda hadi Makutano, tukaiacha njia kuu iendayo Bunda na Mwanza. Tulipokuwa tumesimama karibu na kaburi, kijana yule akanisogelea.

"Samahani, Mwalimu. Katika jina la Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja. Huku kwetu mabepari ni wengi. Huyu mwingine ni nani?"

Nilimjibu kwamba tutazungumza shuleni. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Tuutazame mchezo wenyewe. Bassanio anataka kuoa naye hana kitu. Rafiki yake Antonio, mfanyabiashara, mali yake yote iko baharini. Basi anamkopea ducat 3,000 kwa Shylock, Myahudi, kwa miezi mitatu, na dhamana ni ratli moja ya nyama ya mwili wake. Wanafunzi wa Mara hawahitaji maelezo marefu hapo. Kijana anayehangaika kutafuta ng'ombe wa mahari wanamfahamu. Mfanyabiashara wa jina la Kiingereza ni Antonio, anayekopesha bila riba. Shylock anakopesha kwa riba. Mwalimu alipotumia wingi, aliwatia wote wawili katika kapu moja.

Neno bepari lina asili ya Kihindi, na zamani katika Kiswahili lilimaanisha mfanyabiashara tu. Kwa maana hiyo ya zamani tafsiri haina kosa ila wingi wake. Lakini kitabu kilitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mabenki yakiwa yamekwisha kutaifishwa, na kufikia hapo bepari alikuwa mnyonyaji. Mtafsiri alikuwa ndiye Rais. Haiyumkiniki kwamba hakuisikia maana hiyo mpya.

Je, alipata au alipoteza? Naona alipata jambo kubwa. Wingi ule unamfanya msomaji amshuku hata Antonio mwema, na kuuliza utajiri wa mji ule ulitoka wapi. Hata nyakati za Shakespeare zinaliunga mkono swali hilo. Baba yake, John, mtengeneza glavu wa Stratford, alishtakiwa mwaka 1570 kwa kutoza riba. Mwaka uliofuata sheria mpya ya Uingereza ikaivumilia riba isiyozidi asilimia 10. Mkopeshaji hakuwa mgeni kutoka mbali. Alikuwa nyumbani kwa mtunzi mwenyewe. Hakuna insha hata moja kati ya zile nilizozisifu iliyoligusa jambo hilo.

Lakini kuna kilichopotea. Shylock hachukiwi kwa sababu ya fedha peke yake. Anatemewa mate kwa sababu ni Myahudi, katika mchezo ulioandikwa kwenye nchi iliyowafukuza Wayahudi mwaka 1290. Jina la kitabu likishamwita bepari, msomaji mvivu hupata ruhusa ya kumchukia bila kuuliza mara mbili. Kwetu hatari hiyo ni ya karibu. Neno lenyewe lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi, na wapo wasomaji watakaompa Shylock sura ya mwenye duka wanayemjua, kisha wafurahie aibu yake mahakamani. Ndani ya kitabu, mateso yake yamo yote, Mwalimu hakuyaficha. Ni jalada linalomtangulia msomaji vibaya.

Hayo yote yalitoka katika swali la kijana wa Bunda. Mimi niliomba maisha na nyakati, kisha nikawatuza walioleta maisha pekee, tena maisha ya kunakili. Aliyeleta nyakati, za Stratford, za Dar es Salaam na za kwao, nilimwambia ametoka nje ya mada.

Tuliporudi Musoma nilimwomba insha yake. Nilifuta maneno yangu, nikampa alama aliyostahili, na darasani nikawaambia wenzake sababu. Hakufurahi sana kama nilivyotazamia. Alisema, "Asante, Mwalimu. Lakini hujanijibu." Ndipo nikamwambia haya niliyoyaandika hapa, na bado alibisha kuhusu Antonio. Alisema asiyetoza riba kwa rafiki zake anaweza kuwa anatoza mahali pengine ambapo mchezo hautuonyeshi, na akauliza merikebu zile zilibeba nini na jasho la nani.

Tangu siku hiyo, nikimpa mwanafunzi kazi juu ya mtunzi yeyote, simwombi tarehe kwanza. Namwomba neno moja katika kitabu linalomsumbua, aeleze kwa nini linamsumbua yeye, pale alipo. Tarehe atazitafuta mwenyewe, maana atakuwa anazihitaji.