Mwandiko wa Mwalimu Mkuu

Kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa ndugu yangu, jijini Tanga, mwenyekiti wa kamati aliuliza ni nani mwenye mwandiko mzuri ajaze majina kwenye kadi. Tulikuwa watu wazima, wote tumesoma, wengine wana shahada mbili. Tukatazamana. Mwishowe kijana mmoja akashauri kadi zipelekwe kwa mchapaji, majina yatolewe kwa kompyuta, na kikao kikaendelea na hesabu za chakula na ukumbi. Mimi sikuendelea nacho. Nilikuwa nimeshamkumbuka Mwalimu Mkuu wetu wa shule ya msingi, ambaye kijijini kwetu haikufungwa ndoa, hayakusomwa maulidi wala haukufanyika ubatizo bila watu kwenda kupiga hodi kwake na bahasha mkononi.

Shule yetu ilikuwa Muheza, baina ya mashamba ya mkonge na michungwa ya wanakijiji. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, vita vya Kagera vimekwisha na maduka ni matupu. Sabuni ilipatikana kwa foleni, daftari kwa bahati. Penseli moja ilikatwa vipande viwili, kimoja chako na kimoja cha mdogo wako. Darasa la kwanza tuliandika mchangani chini ya mwembe, kwa kidole kwanza, halafu kwa kijiti, na Mwalimu Mkuu mwenyewe alikuwa akipita nyuma yetu. Ratiba haikumpa kipindi darasa la kwanza. Alikuja kwa hiari yake, kwa kuwa aliamini herufi ya kwanza ya mtoto haikabidhiwi kwa mtu aliyechoka. Akikuta duara la a yako halikufunga, aliinama, akakushika mkono, mkazunguka pamoja mchangani mpaka likafunga. Nilikuwa naona jinsi magoti ya suruali yake yalivyobaki na vumbi jekundu, na bado saa nne alisimama mbele ya darasa la saba akiwa nadhifu.

Ubao tuliutia weusi wenyewe. Rangi ya dukani haikuwapo, na hata ingekuwapo shule isingeimudu. Ijumaa mchana, baada ya usafi, tulileta mkaa, majani ya viazi vitamu na betri za redio zilizokwisha nguvu. Betri tulizipasua, tukatoa ule unga wake mweusi. (Leo mtoto angekatazwa kuushika, na ni haki akatazwe.) Vyote vilitwangwa pamoja, vikachanganywa na maji, na viranja wakapaka kwa kitambaa kutoka juu kwenda chini, bila kuacha alama. Jumamosi na Jumapili ubao ulikauka. Mikono yetu ilikwenda kanisani na madrasa ikiwa bado myeusi kwenye mikunjo, na hakuna mzazi aliyelalamika, kwa sababu wote walijua ni kazi ya nani.

Jumatatu, kabla ya kengele, ambayo ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inia mwembeni, Mwalimu Mkuu alikuwa tayari yuko darasa la saba. Wanafunzi wa zamu tuliwahi mapema kuliko tulivyotakiwa, ili tu tumtazame. Kwanza alipitisha kiganja juu ya ubao kupima kama umekauka. Kisha wawili wetu tulishika ncha za uzi uliopakwa vumbi la chaki, tukaukaza, naye akauvuta katikati na kuuachia: pa! Mstari ukabaki pale, mwembamba na ulionyooka, wa kufutika kirahisi maneno yakishakaa. Chaki nzima hakuiandikia kamwe. Aliivunja, maana kipande kirefu hulia ubaoni. Aliishika kwa ncha za vidole vitatu, imelala, na kila baada ya maneno machache aliigeuza ili isilike upande mmoja.

Na alikuwa akitembea. Walimu wengi husimama mahali pamoja na kunyoosha mkono, ndiyo maana mistari yao huinama inapokaribia mwisho. Yeye miguu ilifuata maneno, bega likabaki kimo kilekile, na sentensi iliishia mahali pake bila neno kubanwa pembezoni. Akimaliza ubao wote, alikwenda mpaka dawati la mwisho, akaketi alipoketi mtoto, magoti yamekunjwa kwa shida chini ya meza ile fupi, na kusoma kila kitu kwa sauti ya chini. Neno lisilosomeka kutoka pale alirudi akalifuta, akaliandika upya. Mvua ilipokuwa imetanda na darasa lina giza, aliandika kwa herufi kubwa zaidi. Hakuna mkaguzi aliyemtuma kufanya hivyo.

Mwandiko wake ulikuwa wa kuunga, umelala kidogo upande wa kulia. Mkia wa g haukugusa kichwa cha herufi ya mstari wa chini. Nukta za i zilikaa juu ya i, si juu ya herufi ya jirani. K yake kubwa ndiyo iliyokuwa fahari ya shule nzima: mguu wake wa mbele ulitanuka na kuishia kwa mkunjo mdogo, na kwa kuwa somo la Kiswahili lilianza kwa K, tuliiona kila siku iliyo ya Mungu. Tuliiiga wote, wavulana kwa wasichana. Mpaka leo nikifunua daftari la rambirambi msibani nikaikuta K ile, najua aliyeandika jina lake pale alipita mikononi mwa mtu yuleyule aliyenipitisha mimi.

Wapo walimu wa zama zile waliofundisha mwandiko kwa rula juu ya vidole. Kwetu alilipiga marufuku jambo hilo. Adhabu ya mwandiko mbovu ilikuwa kuandika tena, ukikaa naye ofisini, yeye akijaza rejesta na wewe ukijaza ukurasa wako, mkiwa kimya wote wawili. Nadhani wengi wetu tulijifunzia pale ofisini zaidi kuliko darasani.

Ustadi wa namna hii una ukoo mrefu kwetu. Kabla shule za herufi za Kirumi hazijaenea, pwani ilikuwa na wanakili waliohifadhi tenzi kwa herufi za Kiarabu, ukiwemo Utendi wa Tambuka wa Pate, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi kwa hati iliyowafanya wataalamu wa Ulaya kumwagizia kazi, na mkono huohuo ulichonga milango. Hapakuwa na aliyeona ajabu fundi wa mbao kuwa fundi wa maneno. Mwalimu Mkuu wetu hakuwa mtu wa Lamu. Alisomea ualimu Mpwapwa katika miaka ya hamsini, na alitusimulia kwamba huko mwandiko wa ubaoni ulikuwa na alama zake, na mtu aliweza kukwama kwa sababu yake hata kama hesabu zake ni safi.

Kisha ikaja UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania awe ameingia darasani ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakasomea ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha. Wengi waliwabeza. Mwalimu Mkuu aliwapokea wawili, na sisi tuliokuwa tukimwagilia bustani ya shule jioni tuliwaona kupitia dirishani, wamesimama mbele ya madawati matupu, chaki mkononi, yeye ameketi nyuma kabisa. “Mwanangu, hapa sisomi,” alisema. Kijana akafuta, akaandika tena. “Bado. Na mtoto wa huku naye katoka nyumbani asubuhi kama wenzake.” Hakuwakemea. Alisubiri mpaka jua likazama, wakatoka pamoja, yeye akisukuma baiskeli yake. Mmoja wa wale vijana alikuja kuwa mwalimu mkuu mahali pengine, na niliambiwa na waliosoma kwake kwamba naye alikuwa akienda kuketi dawati la mwisho.

Mama yangu pia alikuwa mwanafunzi wake. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ile haikuisha na mwaka wenyewe. Kisomo cha jioni kiliendelea hata mimi nikiwa nimeshaanza shule. Akina mama walikuja wametoka shamba, wengine na watoto mgongoni, wakakaa kwenye madawati yetu. Aliwaita “mama” na “dada”, hakuwaita wanafunzi hata siku moja, na aliwaandikia ubao uleule, kwa uzi uleule, kwa K ileile. Takwimu za serikali za mwaka 1986 zilisema watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki takriban asilimia 10. Mimi ninaijua takwimu hiyo kwa sura moja tu: mama yangu akisimama mbele ya karani wa chama cha ushirika, akasogezewa kidau cha wino atie dole gumba, naye akaomba kalamu. Aliandika jina lake polepole, herufi zote zimelala kulia. Karani alimtazama, akamwuliza, “Mama umesomea wapi?”

Mwisho wa darasa la saba vilikuja vyeti. Wakati ule jina la mhitimu lilijazwa kwa mkono. Mwalimu Mkuu alimwita kila mmoja wetu peke yake, akauliza majina matatu, akauliza yanaandikwaje nyumbani, akayaandika kwanza kwenye karatasi ya kujaribia na kukuonyesha. Mtoto wa kibarua wa mkonge aliulizwa kwa utaratibu uleule uliotumika kwa mtoto wa katibu wa chama. Kisha akafunga mlango wa ofisi, na kwa siku zile hakuna aliyepiga kelele karibu na dirisha lake. Cheti changu ninacho. Wino umefifia ukawa wa kahawia, lakini jina langu halijawahi kuandikwa vizuri kuliko pale, si kwenye stashahada wala kwenye hati ya nyumba.

Nimeshapita kwenye shule nyingi tangu hapo, kwa shughuli za kazi na za wajukuu wa ndugu zangu, na sitaki kuwadhulumu walimu wa leo. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa ya kwanza yalifurika, na mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia mbele yake hawezi kumshika mkono kila mmoja. Mwalimu mkuu wa sasa ana ruzuku ya kuhesabu, ripoti za kutuma kwenye makundi ya WhatsApp, wageni wa kupokea. Hayo nayaona. Lakini naona pia ubao ulioandikwa mshazari na mtu ambaye hakugeuka hata mara moja kuutazama. Naona shule za ada kubwa ambako mtoto anapewa karatasi iliyodurufiwa ajaze nafasi zilizo wazi, neno moja hapa, neno moja pale, na wazazi wanafurahi kwa kuwa karatasi ina picha za rangi. Mwaka 2012 watahiniwa wa darasa la saba walianza kujibu kwa kutia kivuli kwenye fomu zinazosahihishwa na mashine, hata hisabati. Mtoto aliyesoma miaka saba akaulizwa alichojifunza, na jibu lake likawa vidoa vya penseli. Tukishangaa baadaye kwamba kijana wa kidato cha pili hawezi kuandika barua ya ukurasa mmoja inayosomeka, tunashangaa nini?

Wananiambia simu inaandika. Inaandika, ndiyo. Haimjui mtoto wa dawati la nyuma. Mwalimu aliyekuwa akinyoosha uzi ubaoni Jumatatu alfajiri alikuwa anatuambia, sisi watoto wa peku wa vibarua na wakulima, kwamba tunastahili kazi safi hata kama hakuna mwingine anayetazama. Nilikuja kuelewa hivyo nikiwa mtu mzima, lakini nilihisi hivyo nikiwa na miaka minane, nimekaa kwenye dawati la watu wanne, nikinakili tarehe.

Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Waliofundishwa pamoja naye, waliokwenda vyuoni wakati mwandiko wa ubaoni ulipokuwa na alama zake, wamebaki wachache, na wote ni wazee wa miaka themanini na zaidi. Wako vijijini, wengine mikono imeanza kutetemeka. Ninyi wakuu wa vyuo vya ualimu, wafuateni mwaka huu, si mwaka ujao. Wapeni chaki na ubao uliopakwa vizuri, waleteni vijana wenu wasimame nyuma, na wazee hao waonyeshe jinsi kazi ile inavyofanywa.