Sifa ya Santuri na Msiba wa Mwimbaji

Mauti yana tabia ya kuiandika upya kazi ya msanii. Neno alilolitamka kwa mzaha hugeuka wasia, na pumzi aliyoivuta kwa uchovu huhesabiwa kuwa kwikwi ya kuaga dunia. Hayo ndiyo yaliyoifika santuri ya kundi la roki la Nirvana la Marekani, iitwayo MTV Unplugged in New York. Nyimbo zake zilirekodiwa mbele ya hadhira tarehe 18 Novemba, 1993. Mwimbaji mkuu, Kurt Cobain, alijiua mwezi wa Aprili, 1994, akiwa na umri wa miaka 27. Na santuri ikatolewa tarehe 1 Novemba mwaka huo huo. Kwa hiyo walioinunua waliisikia sauti ya marehemu, ilhali waliohudhuria walimwona mtu hai.

Dalili za matanga hazikukosekana. Jukwaa lilipambwa kwa mayungiyungi na mishumaa myeusi, kwa matakwa ya Cobain mwenyewe. Lakini pambo si hoja. Mhakiki azipimaye nyimbo kwa mishumaa hana budi kueleza kama mishumaa hiyo ingeweza kuifanya kazi dhaifu kuwa bora.

Ubora wa santuri hii umo katika uchaguzi. Kundi lililovuma kwa santuri ya Nevermind ya mwaka 1991 lingeweza kuirudia sifa yake na kushangiliwa. Halikufanya hivyo. Wimbo uliolipa jina kuliko nyingine zote, Smells Like Teen Spirit, haukuimbwa kabisa. Katika nyimbo 14, sita zilikuwa za watu wengine: mmoja wa David Bowie, mmoja wa kundi la Vaselines la Scotland, tatu za kundi la Meat Puppets, ambalo ndugu wake wawili, Cris na Curt Kirkwood, walikaribishwa jukwaani kuzipiga, na mmoja wa kale wa Marekani, uliojulikana sana kwa sauti ya Lead Belly, mwimbaji Mweusi aliyefariki mwaka 1949. Mtunzi wa takhmisa huchukua beti za mwenzake akazitilia mishororo yake, na heshima ya kazi hiyo ni kwamba hamfichi mwenye beti. Cobain alifuata adabu kama hiyo: aliwataja wenyewe, kisha akatia chake.

Alichotia ni utulivu. Ngoma za Dave Grohl, zilizozoea kuunguruma, zilipigwa kwa upole. Selo ya Lori Goldston ikajaza nafasi iliyoachwa na kelele. Na maneno yaliyokuwa yakimezwa yakasikika. Hata hivyo jina la santuri, lidailo muziki usio na umeme, halisemi kweli yote: gita la Cobain lilipitishwa katika kikuza sauti, na katika wimbo wa Bowie mkwaruzo wake wasikika wazi.

Kasoro pia ipo. Katika nyimbo za Meat Puppets sauti hupanda hadi mahali isipoweza kutulia, ikapasuka. Msikilizaji mwenye huruma huuita mpasuko huo kilio cha mtu anayekufa. Msikilizaji mwadilifu huuita sauti iliyozidiwa na kimo cha wimbo, kisha hutambua kwamba mwimbaji aliridhika kuzidiwa mbele ya watu kuliko kujificha.

Wimbo wa mwisho, ule wa Lead Belly, ndio ushahidi mkubwa. Huanza chini, kama mazungumzo ya chumbani. Ubeti wa mwisho hupandishwa ghafula hadi ukelele. Na kabla ya maneno ya kumalizia sauti hukatika, pumzi ikavutwa, kimya kifupi kikapita. Kimya hicho hakikuhitaji kifo ili kitishe, kwani hadhira iliyokisikia Novemba haikuwa na habari ya Aprili.

Si haki marehemu kuongezewa sifa kwa sababu ya kaburi lake, wala kupunguziwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na santuri hii haina haja ya kutembezwa na msiba.