Kusoma Jiji kwa Miguu

Kitengela hatuna kanisa kuu la kale. Mji wetu umeota juzi, ukameza malisho ya Wamaasai na njia ya nyumbu waliokuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi. Lakini huku Kajiado kutembea ni ufundi wa siku nyingi: mchungaji husoma nyasi, nyayo na mawingu, akafika majini bila kuuliza njia. Ufundi huo ndio ninaousifu, na mahali pa kuujaribu pako karibu. Panda matatu ya asubuhi hadi Nairobi, ushuke, kisha uachane na magari.

Anzia Basilika ya Familia Takatifu, iliyosanifiwa na Dorothy Hughes na kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Usikimbilie mlango. Lizunguke jengo kwanza, uone majirani zake: Bunge upande huu, City Hall na Mahakama ya Juu upande ule. Hapo utajua kanisa hili lilikaribishwa meza moja na wakubwa, kabla hujasikia neno la mahubiri.

Kisha elekea Uhuru Park, hadi ile kona inayoitwa Freedom Corner. Mwanzoni mwa 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula hapo, mwanaharakati Wangari Maathai akiwa nao. Polisi wakawavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, baadhi ya akina mama wakavua nguo kuwalaani polisi hao. Wakarudishwa makwao kwa nguvu. Waliporejea, kona ilikuwa imezingirwa, ndipo kanisa la All Saints likawafungulia mlango. Wakakaa katika chumba cha chini ya kanisa hilo miezi na miezi, wakidai wana wao, hadi mapema 1993.

Yote hayo yameandikwa vitabuni. Ila tembea mwenyewe kutoka konani hadi kanisani. Ni dakika chache tu. Hapo ndipo unapoelewa kwamba wale akina mama hawakukimbia. Walisogea pembeni kidogo, wakabaki palepale mbele ya macho ya serikali. Umbali huo hausomeki kwenye dirisha la gari, na kiongozi wa watalii mwenye haraka hakuachii nafasi ya kuupima.

Ingia All Saints sasa, ukae. Jiwe la msingi liliwekwa 1917, ramani ikiwa ya msanifu Temple Moore. Kanisa likawekwa wakfu 1952. Jua likipita kwenye vioo vya rangi, benchi tupu hupakwa nyekundu na buluu, na doa hilo husogea polepole kadiri unavyokaa. Akipita anayefagia, msalimie, umwulize mlango wa kile chumba cha chini uko wapi.

Ufundi huu haudai cheti wala vifaa. Unadai viatu vizuri, nauli, na moyo wa kurudia njia ileile, kwani safari ya kwanza unaona majengo, na zinazofuata ndipo unapoanza kusikia yanavyojibizana.