Familia 90, Makundi 13: Kipimo cha Mto Kilivyofanywa Kazi ya Wanafunzi

Mwanafunzi amesimama kwenye maji yanayomfika magotini. Wavu wake ameutega nyuma ya jiwe, upande ambako maji yanaelekea. Analisugua jiwe kwa vidole huku mwenzake akitibua mchanga kwa mguu, na mkondo unasomba kila kilichobanduka hadi wavuni. Baada ya kama dakika 5 wanaumwaga wavu kwenye trei nyeupe yenye maji kidogo. Mwanzoni haionekani kitu ila takataka za majani. Kisha kijiti kimoja kinaanza kutembea.

Kijiti hicho ni nyumba. Ndani yake mna mdudu mchanga aliyegundisha vipande vya majani na punje za mchanga kwa uzi anaoutema mwenyewe, akajitengenezea mfuko wa kujifichia. Kwenye karatasi ya alama anayoishika mwanafunzi wa tatu, mdudu huyo ana thamani ya alama 9.

Zoezi hilo linaitwa miniSASS. Lilizaliwa Afrika Kusini, na mwaka 2004 Mark Graham, Chris Dickens na Jim Taylor walilieleza katika jarida la sayansi ya viumbe wa majini barani Afrika. Shule nyingi hupeleka watoto mtoni wakarudi na matope na picha. Wanaotumia miniSASS hurudi na namba inayoweza kulinganishwa na namba ya shule nyingine, iliyopimwa kwenye mto mwingine. Inafaa kuchambua jinsi namba hiyo ilivyopatikana, maana ilipatikana kwa kutupa mambo mengi ambayo wataalamu huyathamini.

Kipimo mama, SASS, kilitungwa kwa ajili ya wataalamu wa mito. Toleo lake la tano, lililochapishwa na Dickens na Graham mwaka 2002, linamtaka mpimaji atambue takriban familia 90 za wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo. Kazi hiyo inadai mafunzo na jicho lililozoea kuhesabu makucha na matamvua ya kiumbe mdogo kuliko punje ya mchele. Hakuna mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto 50 anayeweza kuianza Jumatatu na kuimaliza Ijumaa.

Waliotengeneza toleo dogo waliziunganisha familia hizo kwa kufuata umbo linaloonekana kwa macho, wakabaki na makundi 13. Kila kundi likapewa alama kulingana na uvumilivu wake kwa uchafu: asiyevumilia hupata alama nyingi. Minyoo, ruba, na mabuu ya nzi na mbu wana alama 2 kila kundi. Minyoo bapa wana 3. Konokono wana 4, mbawakawa na kunguni wa maji 5, kaa na uduvi 6, na watoto wa kerengende wakubwa 6. Kileleni yupo mdudu mchanga mwenye mikia miwili, anayejibanza chini ya mawe ya maji baridi yaendayo kasi. Huyo ana alama 17 peke yake.

Msingi wa alama hizo ni pumzi. Majitaka yanapoingia mtoni, bakteria hushangilia chakula na kuitumia hewa ya oksijeni iliyomo majini. Mdudu wa mikia miwili anayehitaji oksijeni nyingi hufa au huchukuliwa na mkondo. Mabuu mekundu ya visubi hubaki, kwa sababu yana himoglobini inayoshika oksijeni hata ikiwa chache. Wekundu wao ni wa damu hiyo. Wapo pia mabuu wenye mrija mrefu kama mkia, wanaoutokeza juu ya maji na kuvutia hewa kama mpiga mbizi. Maji yakikosa pumzi kabisa, wao hawana habari.

Tena wadudu wana sifa ambayo chupa ya maabara haina: hukaa. Kiwanda kikimwaga taka usiku wa manane, sampuli ya maji inayochotwa saa tatu asubuhi inaweza kutoka safi. Lakini wengi wa wadudu hawa huishi majini kwa wiki au miezi kabla ya kuota mabawa. Waliokufa usiku ule hawapo asubuhi, na kutokuwapo kwao ndiko ushahidi.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Tuchukue mfano wa kijito chenye mchanga. Juu ya kijiji, wanafunzi wanapata kaa (6), mtoto wa kerengende (6), mjenga nyumba (9), konokono (4), mabuu ya nzi (2), na wadudu wa mikia mitatu wa aina mbili: wale wembamba waogeleao kama dagaa (5) na wale wengine (11). Jumla ni 43. Wanagawanya kwa makundi 7 na kupata 6.14. Chini ya kijiji wanapata minyoo, ruba, mabuu ya nzi na konokono. Jumla ni 10, gawanya kwa 4, jibu 2.5. Kwa mito ya mchanga, wastani unaozidi 6.9 ni mto uliobaki katika hali yake ya asili, na ulio chini ya 4.8 ni mto ulioharibika vibaya. Mito ya mawe ina mizani yake.

Tazama yaliyoachwa. Idadi haihesabiwi: ruba mmoja na ruba mia wana alama ile ile 2. Jinsia, spishi, uzito, vyote vimetupwa. Mtaalamu atalalamika, na ana haki, lakini mwanafunzi amebakiwa na maswali mawili tu anayoweza kuyajibu: yupo au hayupo, na ni wa kundi gani?

Swali la pili ndilo lenye mtego. Wembamba wa jamii ya kerengende, wenye alama 4, wana mashavu matatu kama vijani kwenye ncha ya mwili. Wadudu wa mikia mitatu wenye alama 11 nao wana vitu vitatu huko huko nyuma, ila mashavu yao yamepangwa ubavuni, na ukiwatazama kwa makini utayaona yakipepea. Mtoto mwenye haraka huwachanganya. Tuseme trei ina konokono, minyoo, mabuu ya nzi na yule mwembamba wa kerengende: 12 gawanya kwa 4 ni 3.0. Akiandikwa kimakosa kama wa mikia mitatu, jumla inapanda hadi 19 na wastani unakuwa 4.75. Kosa moja limeusukuma mto mbovu hadi ukingoni mwa daraja la juu yake. Kadiri trei inavyokuwa na makundi machache, ndivyo kosa moja linavyokuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo lenzi ya kukuzia na picha zilizochorwa vizuri ni vifaa vya lazima, na mwalimu mwerevu huwataka watoto wawili waafikiane kabla ya kuandika.

Kipimo kina mipaka mingine. Hakifai kwenye bwawa, kwenye kinamasi wala mto uliofurika, kwa sababu kiliundwa kwa maji yanayotembea. Na hakisemi kama maji yanafaa kunywewa. Kijito cha alama nzuri kinaweza kubeba vijidudu vya kuhara, na mtoto anayefurahia 7 aliyoipata lazima aambiwe hivyo kabla hajakinga viganja.

Ndiyo maana zana hii huandamana na nyingine. Mojawapo ni bomba angavu lenye urefu wa mita 1, linalojazwa maji ya mto. Ndani yake kuna kisahani cheusi kinachosogezwa kwa sumaku kutoka nje. Mwanafunzi anachungulia upande mmoja huku mwenzake akikisogeza mbali mpaka kitoweke, kisha wanasoma sentimita. Siku ya kiangazi namba ni kubwa, na baada ya mvua inaanguka. Hapo somo la mmomonyoko halihitaji tena maelezo: mtoto anatazama juu, kwenye shamba lililolimwa kwa kufuata mteremko, akaona udongo ule ulikotoka.

Hatua hiyo ya kuinua macho kutoka kwenye trei hadi mlimani ndiyo inayogeuza somo la wadudu kuwa somo la bonde la mto. Katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ilionekana wazi kwenye mto uMngeni, ambao maji yake ndiyo tegemeo la Pietermaritzburg na Durban. Mwaka 2012 kikundi cha watu kiliufuata kwa miguu kutoka chanzo chake hadi baharini, wakipima kwa wadudu njiani. Vipimo vilivyotawanyika vikawa mstari mmoja unaoonyesha mto unapougua, unapopata nafuu na unapougua tena.

Katika jimbo hilo hilo, karibu na mji wa Howick, kuna makazi ya Mpophomeni, ambayo vijito vyake huingia bwawa la Midmar. Huko tatizo lilikuwa na sura inayofahamika na kila mkazi wa mji wa Afrika: chemba za majitaka zinazofurika barabarani. Vijana wa makazi hayo walijipanga kuzikagua mtaa kwa mtaa, wakaziandika, wakazitolea taarifa, wakapita pia mashuleni na nyumba kwa nyumba kueleza kwamba matambara na mafuta ya kupikia ndiyo huziba mabomba. Mwanafunzi aliyepata namba kama 2.5 kijitoni alikuwa na mahali pa kuipeleka namba yake. Taylor na wenzake hufundisha kwa mfuatano wa namna hiyo: kutega sikio, kuzungumza, kugusa, kufikiri, kuchukua hatua. Shule nyingi zikifika kwenye kugusa huona kazi imekwisha.

Je, zana hii inaweza kuhamishiwa Afrika Mashariki kama ilivyo? Hapana, japo msingi upo. Mwaka 2015 Lulu Kaaya wa Tanzania, pamoja na Jenny Day na Helen Dallas, walichapisha TARISS, kipimo cha kitaalamu cha mito ya Tanzania kilichojengwa juu ya kile cha Afrika Kusini. Kazi hiyo ilihitajika kwa kuwa wadudu wa hapa na wa kule si wale wale. Yule wa alama 17 ana ndugu wengi katika mito ya baridi ya kusini, na wachache mno katika mito yetu ya joto. Mwalimu wa Morogoro au Kakamega akitumia karatasi ya kusini bila marekebisho, anaweza kuuhukumu mto wake kwa kumkosa mgeni ambaye hajawahi kuishi humo.

Lipo pia suala la kichocho. Konokono wale wale wanaoandikwa alama 4, baadhi yao ndio hubeba vimelea vyake katika maeneo mengi ya kwetu, na mtoto aliyesimama majini bila viatu yuko hatarini. Mabuti ya mpira, sehemu yenye mkondo badala ya dimbwi lililotuama, na uamuzi wa kutoingia kabisa penye mamba ni sehemu ya kipimo, sawa na wavu.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza, vifaa ni vyepesi: kipande cha chandarua kilichoshonewa waya, trei nyeupe, lenzi na penseli. Apime sehemu mbili, moja juu ya makazi na moja chini, kwa msimu ule ule kila mwaka. Na kabla ya kuwatoa watoto darasani, apige simu ofisi ya bodi ya maji ya bonde lake aulize nani atapokea matokeo.