Hesabu ya Vipepeo na Mvua ya Aprili

Ufundi wa kuhesabu vipepeo, ambao nchini Uingereza ulitungiwa kanuni na mwanaikolojia Ernie Pollard na kuwa mpango wa kitaifa mwaka 1976, ni miongoni mwa fani chache ambazo umahiri wa fundi hupimwa pia kwa siku anazojizuia kutoka. Mhesabuji hupita njia ile ile kila wiki, tangu Aprili mosi hadi mwishoni mwa Septemba, akiandika vipepeo walio ndani ya mita 2.5 kila upande wake na mita 5 mbele yake. Lakini haanzi mpaka joto lifike nyuzi 13 za Selsiasi na jua liwe limewaka vya kutosha, au lizidi nyuzi 17 hata kukiwa na mawingu, na mvua ikinyesha hatoki kabisa.

Masharti hayo yanatokana na maumbile ya kipepeo, ambaye hutandaza mbawa juani ili misuli ya kurukia ipate moto, na jua lisipotoka hujibanza chini ya majani, mzima kabisa, asionekane na mtu. Hapo ndipo majira ya machipuko, yaani Machi hadi Mei, yanapomtia mhesabuji mtegoni. Kwa mkazi wa Pwani, ambaye kwake masika ni mvua yenyewe, Aprili ya mawingu si ajabu. Lakini kwa yule kipepeo mweupe ambaye dume lake lina ncha za mbawa za rangi ya chungwa, na ambaye kwa kawaida huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka, majuma machache ya mvua yanaweza kupunguza nafasi za kujamiiana na kutaga, na hasara hiyo ikaonekana mwaka unaofuata.

Kwa hiyo mvua huficha vipepeo na pia huwapunguza, na mwenye pupa huchanganya mambo haya mawili. Fundi wa kweli hayachanganyi: wiki asiyotembea haiandiki sifuri, bali huiacha wazi, kwa kuwa sifuri ni ushahidi na nafasi wazi ni ungamo. Uaminifu huo mdogo, usioshangiliwa na mtu, una thamani kuliko darubini yoyote. Ndio unaofanya mwaka kama 2012 usomeke: Aprili yake ilivunja rekodi ya mvua ya mwezi huo nchini Uingereza tangu 1910, kiangazi chake nacho kikawa cha mvua, na hesabu ya vipepeo ya mwaka huo ikawa mbaya kuliko zote zilizotangulia.